Upepo wa Same Haukatwi

Kuna vitu ambavyo sisi wa Same hatununui, na cha kwanza ni upepo. Unafika bila kuitwa, umebeba vumbi la Makanya ukachanganya na la kwetu, unaingia sebuleni kabla ya mgeni na kwenye wali kabla ya mchuzi. Sasa mpwa wangu kaja likizo kutoka Dar es Salaam na kofia ya baiskeli iliyotengenezwa, eti, ili kuukata. Bei yake siitaji, maana mama watoto husoma safu hii. Niseme tu kwamba kwa fedha ile Wapare wawili wangeendesha kesi ya mpaka wa shamba hadi rufaa, na nauli ya mashahidi ikabaki.

Ugonjwa huu aliupata Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza kuletwa Afrika, naye akapanda basi kwenda kutazama. Kwenye mbio za mmojammoja dhidi ya saa akamwona Mbelgiji Remco Evenepoel, kofia ya kukata upepo kichwani, akimkuta na kumpita mpinzani wake Tadej Pogačar aliyetangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Tangu hapo kijana haulizi habari za mvua wala mahindi.

"Mjomba, hii inaokoa sekunde."

"Nizipeleke wapi?"

Hakunijibu. Aliyewahi kusubiri gari la Vudee lijae abiria anajua kwamba sekunde ndilo zao pekee lisiloathiriwa na ukame wilaya hii.

Lakini nimpe haki yake. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5, kila mtu peke yake na saa. LeMond alivaa kofia ndefu ya kukata upepo na kulaza mikono kwenye usukani wa kuegemea. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele amezifunga nyuma. Baada ya zaidi ya kilomita 3,000 za Ufaransa, LeMond akachukua ubingwa kwa sekunde 8. Ningekuwa shangazi yake Fignon, ningemnyoa usiku uleule.

Ila hesabu ya upepo ina masharti. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Ukifika kilomita 40 kwa saa, karibu nguvu yote ya miguu inaishia kupigana nayo. Hapo ndipo kofia inapolipa. Mimi na baiskeli yangu ya Phoenix tuna dumu la maji kila upande wa keria na mkungu wa ndizi katikati, na kasi hiyo tunaijua tu tukiteremka huku breki zimegoma. Kupanda ndiyo usiseme: baiskeli husukumwa, na anayeisukuma hana haja ya kuukata upepo, anautafuta. Tena kofia hizi hupimwa kwenye handaki ambamo upepo unapangiwa pa kutokea. Wa kwetu unajipangia wenyewe, na hupenda ubavuni. Na ulio mkubwa kuliko wote hautoki hata milimani: ni wa basi la Arusha linapokupita barabara kuu, likakutoa kwenye lami na kukukabidhi kwa miiba.

Kwenye basi hapo ndipo ninaponyamaza, nikaigeuza kofia niitazame ndani.

Kuna foamu nyeupe, jamii ya ile inayokuja kwenye boksi la televisheni. Kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke, na ikishapondeka haijirudi. Chini ya hiyo kuna tabaka jembamba la njano linaloteleza kidogo. Hilo ni wazo la Uswidi, la daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin. Mtu akianguka, mara nyingi kichwa hakigongi wima. Hugonga mshazari, kikazunguka ghafla, na ubongo ukaumizwa na kule kuzunguka. Tabaka likiteleza, sehemu ya mzunguko huo inaishia kwenye kofia. Kwa hilo sina utani. Hata waendeshaji wakubwa walibisha kuvaa kofia hadi Machi 2003, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alipoanguka kichwa wazi kwenye mbio za Paris–Nice na kufariki. Mwaka huohuo shirikisho lao la dunia, UCI, likafanya kofia kuwa lazima, ingawa mwanzoni liliruhusu kuivua kwenye mlima mrefu wa kumalizia. Sheria hiyo ingetungwa Upareni, asingevaa mtu, maana huku kila mlima ni wa kumalizia.

Kinachoniudhi, basi, ni kuuziwa ubongo wangu pamoja na sekunde za watu wengine. Ulaya zipo kofia za mviringo, zisizo na majivuno, zenye tabaka hilohilo la njano. Ninazoziona mimi huku ni ya mpwa na za mtumba, na ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka na nani. Foamu iliyokwishafanya kazi yake haisemi. Za bodaboda zipo, ila nyingi huvaliwa kiwikoni, zikapanda kichwani akitokea trafiki.

Na wenye mchezo wenyewe wameanza kupunguza makeke: kuanzia 2026 UCI inataka kofia za mbio za kundi zisifunike masikio na ziwe na matundu ya hewa yasiyopungua matatu. Matatu! Kwa jua hili la Same, mimi naomba kumi.

Kwa hiyo ndugu yangu uliye Dar, Nairobi au hukohuko Uswidi, unapofungasha begi la likizo niletee ya mviringo, mpya, mkia hapana, tabaka la njano ndiyo. Ya kichwa nitalipa. Ya upepo sitoi hata senti.