Heko kwa Mngurumo

Huku kwetu Bahati, Nakuru, hakuna kilichobaki bila kusifiwa. Viazi vimesifiwa na madalali, mvua imesifiwa na wazee, ng'ombe wa gredi wamesifiwa na maafisa wa kilimo, na wanasiasa wamejisifu wenyewe kila walipoona wengine wanakawia. Mngurumo peke yake ndio uliokosa mtu. Namaanisha sauti ile ya mwimbaji wa muziki wa metali ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani spika imepasuka. Lucian wa Samosata alimsifu nzi, Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka wa 1511, na wote wawili wakasomwa na watu wenye heshima zao. Ikiwa nzi alipata wakili, mngurumo nao haustahili kwenda kortini peke yake. Naomba nafasi niusifu, pamoja na ndugu yake wa toka nitoke, yaani ubishi wa kutenganisha aina za metali, maana palipo na mmoja wa pili hakosi.

Anayesifiwa hutangulizwa kwa nasaba, na mngurumo una koo mbili. Ukoo wa ng'ambo unaanzia Birmingham, Uingereza. Mwaka wa 1965 kijana wa miaka 17, Tony Iommi, alikuwa katika siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa ni mwenye shoto, huo ndio mkono wa kubania nyuzi za gitaa. Hakuliweka gitaa chini. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na nyuzi zilipozidi kulegea, sauti ikashuka na kuwa nzito zaidi. Muziki huu basi ni mtoto wa ajali ya kazini, jambo ambalo sisi ambao mashine za kukatia nyasi za ng'ombe zimewahi kututoza vidole tungepaswa kulielewa kabla ya watu wengine wote. Koo la mwimbaji lilichelewa kidogo kulifuata gitaa. Possessed wa California walitoa albamu yao ya kwanza mwaka wa 1985, Death wa Florida wakatoa yao mwaka wa 1987, na kufikia hapo mwimbaji alikuwa amekwisha kuacha kuimba na kuanza kunguruma.

Ukoo wa pili ni wa hapa hapa. Panda juu ya Menengai, mlima uliobomoka katikati ukaacha shimo la upana wa kilomita 12 hivi, ambamo Wapurko na Walaikipia, Wamaasai kwa Wamaasai, walipigana katika karne ya 19. Wakikuyu waliuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mapepo, na bendi yoyote ya metali ya Norway ingelipa pesa nyingi kupata anwani kama hiyo. Sasa wasikilize morani wakiimba: mmoja anaongoza kwa sauti ya juu, na wengine wanajibu kutoka kifuani kwa mivumo mifupi mifupi ya kooni, bila ngoma wala gitaa. Wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini wana uimbaji wao wa kukoroma uitwao umngqokolo, na watu wa Tuva huko Siberia wana kargyraa. Wanaonguruma katika metali na wanaoimba kargyraa hutumia kiungo kimoja, mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi halisi za sauti, ambayo sisi wengine tunaishi nayo miaka sabini bila kuipa kazi. Kwa hiyo anayesema mngurumo ni uzungu ameangalia ukoo mmoja akasahau mwingine.

Watoto wa koo hizi mbili wamekwisha kukutana. Nairobi ilitupa bendi ya Last Year's Tragedy, kisha ikatupa Duma, watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka wa 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kuwashtua hata wazungu waliodhani wamesikia kila kelele. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka wa 2024 kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya wa mzazi wake, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau na kuzifuga rasta zake tangu msituni hadi mwaka wa 2022. Ukijua hilo, swali la kwa nini kijana wa Kikuyu anapiga mayowe namna hiyo linajijibu lenyewe.

Nije kwenye fadhila zake, nianze na ufupi. Napalm Death wa Uingereza wana wimbo katika albamu yao ya mwaka wa 1987 unaochukua sekunde 1.316, na kitabu cha Guinness kimeutambua. Ndani ya muda huo mwimbaji anauliza swali zito kuhusu mateso ya binadamu, ngoma zinapigwa, wimbo unakwisha. Nimehudhuria mazishi upande wa Dundori ambapo mgeni wa heshima alisimama "kusema mawili tu", na alipoketi jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa hema na wali umeshikana. Laiti kamati za mazishi zingeajiri mpiga ngoma wa Napalm Death akae nyuma ya jukwaa.

Fadhila ya pili ni kwamba mngurumo unafunza sikio. Siku za kwanza husikii kitu ila fujo. Baadaye unaanza kutenga ngoma na gitaa. Kisha unagundua kwamba ile fujo ina silabi, na silabi zina maneno, na maneno yana vina. Mwishowe unafika daraja la juu kabisa, unapoweza kusema kwa uso mkavu kwamba huyu ananguruma kwa uvivu. Nimeiona safari hiyo ikifanywa na mama mmoja jirani yangu aliyevuka sabini zamani. Mjukuu wake alirudi kutoka chuo na spika ndogo ya kuchaji, na jioni ya kwanza shosho alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kwani huyu amekosewa na nani?"

"Shosho, hajakosewa. Anaimba."

"Anaimba na anaumwa hivyo? Mpelekee maji."

Aliongea hivyo kwa majuma kadhaa. Halafu jioni moja, akimenya viazi, akatamka bila kuulizwa: "Huyu wa leo hana pumzi. Yule wa jana alikuwa na kifua." Mjukuu alinyamaza. Hakuwa na la kuongeza, kwa sababu shosho alikuwa amesema kweli.

Wala tusijifanye masikio yetu hayakuwa yameandaliwa. Simama kwenye steji mjini Nakuru saa kumi na moja jioni, makanga akiita Bahati, Maili Kumi, Subukia kwa sauti isiyobakisha irabu. Vuka barabara umkute mhubiri mwenye kipaza sauti kinachokwaruza, akikemea roho zilizokwisha kuondoka tangu adhuhuri. Nenda siku ya soko umsikie mwuza mitumba aliyejirekodi kwenye simu, sauti yake ikirudia bei ile ile hadi betri ife. Anayeishi katikati ya haya yote kisha akalalamika kwamba muziki wa metali una kelele ni mtu wa kuonewa huruma.

Sasa nimsifu yule ndugu, ubishi. Metali haina aina moja. Kuna thrashi ya mbio na dethi ya mngurumo wa chini. Kuna bleki ya mayowe makali, na dumu inayokokota miguu. Kuna graindi isiyo na subira, kisha metalikoo, dethikoo, na nyingine ambazo huzaliwa Jumatatu na kugawanyika Ijumaa. Nilishuhudia kesi moja katika kibanda cha kinyozi huko Maili Kumi. Kijana alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akageuka ghafla hata mashine ikamwachia mstari.

"Buda, akiimba kiitikio kwa sauti safi, hiyo ni metalikoo. Hakuna mjadala."

"Na akinguruma hadi kwenye kiitikio?" aliuliza mwenzake wa kwenye benchi.

"Hapo sasa tunaongea dethikoo."

"Hapana! Lazima ngoma zishuke mwendo pale katikati. Zisiposhuka, hiyo ni dethi tu."

Kinyozi, mpenzi wa mugithi na wa Kenny Rogers, alizima mashine. "Mkimaliza mniambie hiki kichwa ni cha nani, mimi nimalize kazi."

Watu wa pwani wasitucheke. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa iligawanyika kwa ngoma ya beni, hawa Kingi, wale Skochi, na huko Tanganyika wakawa Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na sare zake, vyeo vyake na nyimbo za kuutia mwingine aibu, na mtu wa nje angeapa kwamba ngoma ni ile ile. Kabla ya hapo mshairi Muyaka bin Haji alikuwa amewarushia beti washairi wa Lamu, na wao wakamrudishia. Kubishania burudani kwa ukali wa kubishania shamba ni urithi wetu, na vijana wa Bahati wameubadilisha ala tu.

Na huku kwetu urithi huo una thamani ambayo pwani huenda wasiione upesi. Mapema mwaka wa 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nchini kote waliouawa walizidi 1,100. Bonde la Ufa lilijifunza wakati huo kwamba swali fupi kuhusu jina lako la pili linaweza kuwa swali la mwisho kuulizwa. Ndiyo maana nilipokuwa nimeketi kwenye benchi la yule kinyozi nilijikuta natulia. Pale ndani palikuwa na pande mbili zilizokaribia kushikana mashati, na hakuna aliyejali nani ametoka Molo, nani ametoka Kericho, nani amezaliwa Kiamaina. Mtu alichagua upande wake mwenyewe, kwa masikio yake, na juma lijalo akisikia albamu nyingine anaruhusiwa kuhama bila kubeba godoro. Ugomvi ni lazima tuwe nao, maana binadamu hawezi kukaa bure. Basi tupeni huu.

Washtaki hawakosekani. Wa kwanza wanasema ni mambo ya shetani. Sifichi kwamba huko Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitokea vijana wa bleki metali waliochoma makanisa, na kanisa la mbao la Fantoft liliteketea mwaka wa 1992. Hao walikuwa wahalifu na sheria iliwashika. Lakini Kenya tulimtafuta shetani kwa njia rasmi: mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Tangu hapo tumeporwa mabilioni, na walioyapora huja kanisani Jumapili wakiwa wamevaa suti, na muziki waupendao ni wa polepole.

Wa pili wanasema mtu ataharibu koo. Ataliharibu akipayuka ovyo. Anayejua hutoa pumzi tumboni bila kuzikaza nyuzi za sauti, na New York kuna mwalimu, Melissa Cross, aliyejijengea jina kwa kuwafunza wanamuziki kupiga mayowe bila kuumia. Makanga wetu hawana mwalimu, na kufikia saa saba mchana wanaita abiria kwa mikono.

Wa tatu wanasema maneno hayasikiki. Hawa nawajibu kwa upole. Ni nani hapa Bahati aliyecheza nyimbo za Franco usiku kucha akijua Kilingala? Tumelia kwa nyimbo ambazo huenda zilikuwa zinatangaza sabuni.

Wa nne wanalalamikia majina ya bendi yasiyosomeka kwenye fulana nyeusi. Fulana hizo mama zetu huzinunua kwenye mitumba kwa sababu ni nzito na hazionyeshi uchafu. Nimemwona mama akipakia kabeji kwenye pikapu asubuhi ya ukungu, kifuani pake mifupa na damu na maandishi yaliyojikunja, na shingoni rozari. Vyote vilimkaa vizuri.

Nawausia wazazi, basi. Ukisikia mngurumo chumbani mwa mwanao, usiite mchungaji na usizime stima. Bisha hodi, keti kitandani, muulize ni aina gani. Kijana ambaye mwezi mzima amekuwa akikujibu "sawa" na "nimesikia" atakueleza kwa saa mbili, atasimama, atapiga ngoma hewani, atakuchezea nyimbo kumi ili ulinganishe. Na akikuambia kwamba hiyo ni dethi metali, usikubali haraka. Mbishie kidogo.