Muulize Shangazi: Repo Mbili Ndani ya Nyumba Moja

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watumiaji wa openSUSE Tumbleweed, ile Linux isiyo na toleo la mwaka huu wala la mwakani. Programu mpya zinaingia zikishaiva, mara kadhaa kwa wiki, na kila mkupuo unaitwa kwa tarehe yake. Mwenye repo kuu tu, yaani ghala rasmi la vifurushi, anaishi raha mustarehe. Huyo haniandikii.

*

Shikamoo Shangazi. Niliiweka Packman ili video zicheze, zikacheza. Tangu hapo, kila baada ya siku chache nikisasisha, zypper inagoma, inasema kuna tatizo, kisha inanipangia suluhisho la 1, la 2 na la 3. Juzi nilichagua la 1 kwa kuwa ndilo la kwanza. Sasa VLC inatoa sauti bila picha. Niachane na Packman?
Msikilizaji wa Filamu, Tanga

Marahaba mwanangu. Suluhisho la kwanza ni la kwanza kwa namba tu. Ungelisoma mpaka mwisho ungekuta limeandikwa wazi kwamba ffmpeg na wenzake watatoka kwa mtoaji Packman na kwenda kwa mtoaji openSUSE. Ukabonyeza 1, ukatia sahihi, kodeki zako zikaondoka mchana kweupe.

Kisa chenyewe ni hiki. openSUSE haikugawii kila kodeki, kwa sababu H.264, H.265 na nyinginezo zina hataza, na kuzigawa bila leseni ni kujitafutia kesi. Packman ni watu wengine kabisa, wa kujitolea, wenye mitambo yao ya kujengea vifurushi. Wanaichukua ffmpeg ileile, VLC ileile, hata Mesa inayoiendesha kadi ya picha, wanaijenga ikiwa kamili. Kwa hiyo kifurushi cha jina moja kinakaa kwenye repo mbili, na wewe umezikaribisha zote mbili ndani.

Sasa, zypper inaheshimu ndoa. Kifurushi kilichotoka Packman kitabaki cha Packman hata repo kuu ikija na namba kubwa zaidi, mpaka wewe utoe talaka. Kwenye Tumbleweed hata zypper dup, ambayo ni kali, haivunji ndoa hiyo yenyewe. Ni desturi nzuri. Ubaya wake ni kwamba nyumba hizi mbili hazitembei kwa mwendo mmoja. Leo repo kuu inatoa Mesa mpya, Packman bado haijamaliza kuijenga ya kwake. Vipande vya Mesa ulivyochukua Packman vinataka viende sambamba na vile vya repo kuu, namba kwa namba, na namba hazilingani tena. zypper ikiona haiwezi kuwaridhisha wote, inasimama na kukuuliza mwenye nyumba.

Kukuuliza si kuharibika. Dawa ya barua nyingi ninazopata ni herufi moja: c. Bonyeza c, ghairi, kapike chai, jaribu kesho au keshokutwa. Mara nyingi Packman ikishawafikia wenzake, swali lenyewe halitokei tena. Kama kuna pengo la usalama na huwezi kungoja, tafuta suluhisho linalosema kifurushi cha zamani kibaki kilivyo. Lile la kuvunja kifurushi kwa kupuuza mahitaji yake liache. Na popote unapoona mtoaji anabadilika, soma mara mbili.

Kwako wewe, ambaye talaka umeshaitoa, rudisha hivi: sudo zypper dup --from packman --allow-vendor-change. Neno packman hapo ni jina la repo lilivyo kwenye mashine yako, litazame kwa zypper lr. Kisha angalia vipaumbele kwa zypper lr -p. Repo ya kawaida ina 99, Packman watu huipa 90, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Nimeona mashine ambazo kila repo ina namba yake, kama orodha ya kusubiri daktari. Usifanye hivyo, hutakumbuka sababu.

Ndani ya Packman kuna sehemu inayoitwa Essentials, yenye mambo ya sauti na video tu. Ukiichukua hiyo badala ya Packman nzima, vifurushi vya kugombaniwa vinapungua.

Umeuliza kama uiache. Ukinibana niseme, kwa mtu anayetazama filamu tu: ndiyo. Chukua VLC ya Flatpak kutoka Flathub. Inakuja na kodeki zake ndani, haigusi maktaba za mfumo, na zypper haitajua hata kama ipo.

*

Shangazi, zypper up au zypper dup? Ofisini tumegawanyika pande mbili na hatusalimiani.
Mpatanishi, Nakuru

dup. Ile up inachukua namba kubwa tu na kuogopa mengine. Kifurushi kikibadilishwa jina, kikigawanywa viwili, au watengenezaji wakiamua kurudi nyuma kwenye namba ndogo, up inabaki imeduwaa. Halafu kuna hili ambalo wabishi hulisahau: kabla mkupuo wa Tumbleweed haujatolewa, unapitishwa kwenye openQA, mitambo inayouweka mfumo, kuuwasha, kubofya madirisha na kulinganisha kinachoonekana kwenye skrini na kinachotakiwa kuonekana. Kilichopimwa ni mkupuo mzima. Ukichukua nusu yake, umejijengea mfumo ambao hakuna aliyewahi kuupima. Watu wa Arch, Linux nyingine ya mtindo huu, nao wana ugonjwa huohuo, kwao unaitwa pacman -Sy bila ile u ya mwisho, na waganga wao wamesema wazi kwamba mwenye kusasisha nusunusu hawamtibu.

Upande ulioshindwa ununue chai.

*

Shikamoo Shangazi. Nina repo 19. Nyingi zinaanza na neno home:, sikumbuki nilizitoa wapi. Kusasisha kunachukua muda mrefu kabla hata hakujaanza, na kuna vifurushi havijaongezeka namba tangu niviweke. Nifanyeje, na je, ni dhambi?
Mkusanyaji, Kisumu

Marahaba. Nitakwambia ulizitoa wapi. Ulitaka programu fulani, ukaitafuta kwa programu ya opi, ikakuonyesha orodha, ukachagua iliyo juu. openSUSE ina mtambo mkubwa wa wazi wa kujengea vifurushi, na yeyote mwenye akaunti anaweza kufungua eneo lake la home: na kujenga anachotaka. Ni jambo zuri sana kwa wajenzi. Kwako wewe ni repo ya mtu mmoja usiyemjua, aliyejenga kitu kwa ajili ya laptop yake, pengine akaoa, akapata kazi, akahamia Mac. Repo yake bado inaulizwa kila unaposasisha.

Dhambi sijui, hatari naijua. Kifurushi kinapowekwa kinaendesha maandishi yake kwa mamlaka ya root. Kila repo uliyoiongeza umempa mwenyewe ufunguo wa nyumba nzima, leo na kila siku atakapotoa toleo jipya. Watu wa Arch walikumbushwa jambo hili Julai 2025, pale AUR, ghala lao la vifurushi vya wanachama, ilipokutwa na vifurushi vilivyojidai ni vivinjari vilivyorekebishwa, kumbe vinapakua programu ya kuidhibiti mashine kutoka mbali. Viliondolewa baada ya siku mbili. Siku mbili ni nyingi kwa mtu anayeweka kitu bila kukisoma.

Sasa fagia. zypper lr -u ikuonyeshe repo zote na anwani zake. Uliyoshindwa kuieleza kwa sentensi moja, iondoe kwa zypper rr. Usione huruma. Ukishamaliza, sudo zypper dup --allow-vendor-change, na hapa ndipo talaka ya jumla inaruhusiwa, kwa kuwa unataka vifurushi vilivyotapakaa virudi kwenye repo zilizobaki. Isome orodha kabla ya kukubali. Mwisho, zypper pa --orphaned itakutajia vifurushi yatima, visivyo na repo yoyote ya kuvilea. Hivyo ndivyo ambavyo namba haikuongezeka, na havitaongezeka milele. Unavyovitumia kweli tafuta vinapatikana wapi pengine, vingine futa.

Usishtuke ukikuta repo ya maana kati yao, kama ile ya NVIDIA. Hiyo ibaki, lakini jua tabia yake: kerneli mpya ikitangulia kabla dereva haijawa tayari, utaamka na skrini nyeusi. Tumbleweed huacha kerneli iliyotangulia kwenye menyu ya kuwashia kwa ajili ya asubuhi kama hiyo.

*

Shangazi, laptop yangu ilikaa kabatini tangu Aprili 2024. Nimeiwasha, nikakuta ina xz 5.6.1.revertto5.4. Kila mahali nasoma kwamba 5.6.1 ndiyo yenye sumu. Nisasishe au nichome moto?
Mwoga, Iringa

Weka kiberiti chini. Mwishoni mwa Machi 2024, Andres Freund, mtaalamu wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kwenye mashine yake ya majaribio ya Debian kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba mpaka akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na tarehe 29 akautangazia ulimwengu. Tumbleweed, kwa mbio zake za kuchukua vipya, ilikuwa imeupokea mzigo huo tangu tarehe 7 Machi. Tarehe 28, siku moja kabla ya tangazo lile, ukatolewa.

Tatizo lilikuwa namna ya kuutoa, maana mashine inayosasishwa kwa up hupanda namba, haishuki kwa hiari. Basi wakachukua 5.4 iliyo safi, wakaivalisha jina refu linalosomeka kuwa ni kubwa kuliko 5.6.1. Hiyo uliyo nayo ndiyo dawa, si sumu.

Swali la kujiuliza ni jingine: kati ya tarehe 7 na 28 Machi ile, laptop ilikuwa imewashwa, imesasishwa, na ssh yake inafikika kutoka intaneti? Kama ndiyo, openSUSE wenyewe walishauri uweke mfumo upya kabisa, nami sina la kuongeza. Kama sivyo, zima kwanza repo zote za pembeni, Packman ikiwemo, fanya zypper dup ukiwa kwenye skrini ya maandishi matupu, washa upya mashine, ndipo uzirudishe repo moja moja. Ikikuuliza kuhusu ufunguo mpya wa repo, linganisha alama zake na zile zilizotangazwa na openSUSE kabla ya kusema ndiyo. Itakuwa orodha ndefu. Uwe na subira na chaja.

*

Shangazi, sasisho la wiki iliyopita lilikuwa na vifurushi zaidi ya elfu mbili! Nina bando la usiku tu, na umeme wa huku una tabia zake.
Mkesha Macho, Kigoma

Vifurushi elfu mbili havimaanishi programu elfu mbili zimebadilika. Kikibadilika kitu cha msingi, kama gcc au maktaba ambayo kila kitu kinaiegemea, mitambo hujenga upya kila kinachohusika, nawe unavipakua vyote vikiwa na sura ileile. Hakuna anayekulazimisha kuufuata kila mkupuo. Ukisasisha mara moja kwa wiki, au kwa wiki mbili, unaruka ya katikati na kulipia wa mwisho tu. Fanya haraka pale unaposikia kuna pengo la usalama.

Usiku, bando likiwa hai: sudo zypper dup -d. Inapakua na kuishia hapo. Asubuhi, betri ikiwa imejaa: sudo zypper --no-refresh dup. Hayo maneno ya katikati usiyaache, la sivyo zypper itakwenda kuangalia repo, itakuta mkupuo mwingine umeshatoka, na bando la jana litakuwa sadaka.

Umeme ukikatika katikati ya kuweka, usilie mapema. Kama uliuweka mfumo kwa mpangilio wake wa kawaida, yaani Btrfs na Snapper, kabla ya kila badiliko la zypper picha ya mfumo hupigwa. Kwenye menyu ya kuwashia chagua picha ya kabla ya balaa. Ikiwaka vizuri, andika sudo snapper rollback, washa upya, endelea na maisha. Nyaraka zako za /home hazirudi nyuma, ziko nje ya picha. Kwa sababu hiyohiyo Firefox inaweza kulalamika kwamba wasifu wako ulishatumiwa na toleo jipya kuliko yenyewe. Ni kweli, ulitumiwa. Sasisha tena, itanyamaza.

*

Shangazi, zypper kila siku inaniambia MozillaFirefox haitasasishwa. Mimi sijaigusa!
Asiye na Hatia, Mombasa

Imefungwa kufuli. Andika zypper ll uzione kufuli zote, kisha sudo zypper rl MozillaFirefox. Kama kweli hukuifunga wewe, kuna mtu nyumbani anayejua nywila yako ya root, na hilo niandikie barua nyingine.