Jinsi ya Kunaswa na Maandamano kwa Madaha

Karibu nyumbani, ndugu yangu. Umekaa Dallas mpaka Kimeru chako kimeanza kupinda, lakini moyoni wewe ni mwenyeji kuliko Mlima Kenya wenyewe. Imani hiyo ishikilie kwa mikono miwili. Ndiyo itakayokufikisha katikati ya moshi bila jasho.

Kwanza, chagua tarehe. Wakenya hatukuachi ubahatishe. Maandamano yetu yana kalenda. Juni 25 ni kumbukumbu ya siku ile ya 2024 vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Julai 7 ni Saba Saba, tangu mkutano wa Kamukunji wa 1990. Zote mbili zimeangukia likizo ya watoto wako, kana kwamba kuna mtu alikaa akakupangia. Ubalozi wa Marekani ukikutumia ilani kwamba uepuke mikusanyiko, ifute. Hizo huandikiwa Wazungu.

Atatokea mjomba wa kukuhakikishia kwamba fujo ni mambo ya Nairobi, kwamba huku kwenye majani chai na miraa watu wametulia. Msadiki. Usimuulize habari za ofisi ya chama cha UDA iliyochomwa mjini Embu Juni 25, 2024, wala za supamaketi ya Magunas iliyoporwa na kuteketezwa mjini Meru Saba Saba ya 2025. Maswali kama hayo huharibu chai ya watu.

Pili, safiri siku yenyewe, kutoka Nairobi kwenda Meru. Ukifika steji ukute matatu moja mahali pa kumi, na nauli imepanda ilhali si Krismasi, lipa upande. Julai 7, 2025 polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi tangu alfajiri na abiria wakaachwa njiani, lakini wewe unatoka, huingii. Hayo yanakuhusu nini? Njiani piga simu moja tu nyumbani, useme, "Niko Makutano." Usitaje Makutano ipi. Iko moja pale barabara ya Embu inapoachana na ya Nyeri, na nyingine mjini Meru, na katikati yake kuna Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu. Binamu zako watakutafuta kwa bidii mahali usipokuwa.

Tatu, dharau dalili. Hapa tusiharakishe, maana ndipo ufundi ulipo. Mji haupigi mbiu. Unanong'ona, na wanaosikia ni wale wenye kitu cha kupoteza. Pale soko la Gakoromone, mjini Meru, utamwona mama mboga anakunja turubai saa nne asubuhi, nyanya zikiwa bado tele, akiuza kwa bei yoyote utakayotaja. Wewe furahia bei, nunua debe zima, ubaki na mzigo mikononi. Wakala wa M-Pesa atakwambia hana floti, naye jana alikuwa nayo. Gombana naye. Mwenye hadiwea ameteremsha mlango wa chuma hadi magotini na anapitisha misumari kwa chini. Mwambie biashara haifanywi hivyo Texas. Watu wa bodaboda wameondoka kwenye kona yao, wamebaki wawili, na pikipiki zote mbili zimetazama njia ya kutokea. Waulize kama wanapokea kadi.

Dalili kuu nimekuwekea mwisho. Miraa ya Maua hailali njiani. Ikilala, bei nayo imelala. Dereva wake haogopi kona, ukungu, wala polisi wa trafiki. Basi siku utakayoiona pikapu ya miraa imeegeshwa kando ya barabara, turubai limefungwa, dereva ameshuka anaongea na simu kwa sauti ya chini, jua hapo mbele kuna jambo ambalo hata yeye hataki kulionja. Mpite. Mpigie na honi.

Nne, mavazi: raba nyeupe. Tuendelee.

Tano, rekodi. Umetoka mbali, huwezi kurudi mikono mitupu. Simama kati ya vijana na askari, hapo mwanga ni mzuri na pande zote mbili zinakuona. Washa matangazo ya moja kwa moja. Na usiogope mtandao kukatika: Juni 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuuzima, na kesho yake ukazorota nchi nzima. Mkeo kule Dallas atakuona unakimbia, picha itaganda mguu mmoja ukiwa hewani, naye atabaki na mguu huo usiku kucha.

(Hapa nisimame kidogo. Saba Saba hiyo ya 2025, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu kwanza watu 31 waliouawa, kisha 38. Wengi hawakuwa watalii wa ghasia. Wewe ndiye unayekwenda kwa hiari.)

Jioni, kama bado una simu, tia mtandaoni kichekesho kuhusu wakubwa. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza picha za kumkejeli rais. Mmoja alichukuliwa Embu, mji ukaandamana kumdai, na hakurudi hadi Januari 6. Lakini yeye hakuwa na lafudhi yako.

Sita, moshi. Kitoa machozi kikitua, sugua macho kwa nguvu zote, na kwa kiganja kilichoshika mkebe. Halafu kimbia na umati, usikimbie kwa akili yako. Umati ukiingia uchochoro usiotoka, ingia. Ukiingia dukani ambamo watu wanabeba, beba nawe; mtu wa mikono mitupu huonekana mgeni. Sufuria moja tu inatosha kumpa askari kazi.

Saba, kukamatwa. Tangu asubuhi umekuwa mwenyeji, sasa geuka. Itoe ile lafudhi uliyoificha tangu uwanja wa ndege, utangaze kwa sauti kwamba wewe ni raia wa Marekani. Pasipoti uwe umeiacha kabatini kwa shangazi Nkubu, ndani ya Biblia. Mwaka 2025 baadhi ya waliokamatwa walifunguliwa mashtaka ya ugaidi, kwa hiyo utakuwa na muda wa kutosha wa kueleza. Ubalozi, ukipatikana, unaweza kukupa orodha ya mawakili. Ufunguo wa seli hauna.

Afisa wa zamu atakusikiliza kwa utulivu, kalamu mkononi, kisha akuulize kama wewe si mzaliwa wa hapa. Jibu kwa fahari kwamba ni wa hapa, tena wa Imenti Kusini. Atakuuliza kama uliutangaza huo uraia wa pili serikalini ndani ya miezi mitatu, kama inavyotaka sheria ya uraia ya 2011, ile yenye faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwambie ulikuwa umepanga kwenda keshokutwa, barabara zikifunguliwa.