Mgeni Aliyekuja na Kitanda Chake

Mgeni akikuandikia kwamba msihangaike na chumba, maana yake chumba kipakwe rangi. Hivyo ndivyo mke wangu alivyouelewa ujumbe uliotufikia kutoka Mombasa mwezi Julai, na sijui mwanamke gani wa Tanga angeuelewa vingine. Rangi ikapakwa. Chandarua kikabadilishwa, feni ikaazimwa kwa jirani, zikanunuliwa shuka mpya za maua makubwa, zile ambazo mimi mwenye nyumba huonyeshwa tu zikiwa bado kwenye mfuko. Watoto wakahamishiwa sebuleni. Tukakaa kusubiri.

Wageni wakaja na nyumba yao.

Ni lori dogo lililojengewa chumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, na kijichoo ambacho nitakifikia. Walilipakia melini huko kwao Uholanzi, likashushwa Mombasa, wakaliendesha wenyewe kupitia Lunga Lunga na Horohoro mpaka Makorora, kwenye mtaa ambao bajaji mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma. Likasimama mbele ya mlango wetu, ubavuni likafunguka turubai, chini vikashushwa viti viwili vya kukunja na birika. Sisi tumejipanga kibarazani tumevaa za Idi, tunaitikia kwa pamoja karibuni ndani, karibuni ndani.

"Asanteni," akasema mzee, huyo anaketi. "Tumeshafika."

Mzee huyu si mgeni wa kuokota barabarani. Alikuja kijana, kwenye ule mradi wa ng'ombe wa maziwa ambao Uholanzi iliuanzisha na serikali yetu hapa Tanga mwaka 1985. Hayo maziwa ya Tanga Fresh ambayo watu wa Dar es Salaam wanayanywa leo yana asili yake huko. Mfugaji alikuwa anakopeshwa mtamba mwenye mimba. Akizaa jike, unamlea, unamrudisha, anapewa mfugaji mwingine. Marehemu baba alikopeshwa, akarudisha, na mzee akamwandikia kwenye daftari kwamba deni limekwisha. Baba alihuzunika sana. Kwake yeye, watu wakishamalizana madeni wamemalizana kujuana. Ikabidi awe anampelekea yule mzungu nazi na mkungu wa ndizi mara kwa mara, ili pawe na kitu cha kudaiana. Ndiyo urafiki tuliorithi. Sasa mtoto wa mtu wa namna hiyo unamwambia umeshafika, na hujavuka kizingiti chake?

Jua halijazama, kahawani wameshajua. Kwanza ilisemwa tumewanyima wageni chumba. Baada ya isha ikawa tumegombana nao kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Asubuhi yake bwana mmoja akanipigia hodi kuuliza tunatoza kiasi gani kwa gari kulala, maana naye ana uwanja. Mke wangu alifanya alichoweza: akafungua madirisha yote ya kile chumba, akawasha taa, akalisogeza pazia kando ili kila mpita njia azione shuka.

Tungesalimika pengine kwa upande wa chakula. Lakini wenzetu hawa wana sifa yao huko Ulaya, kwamba Mholanzi akienda likizo Ufaransa anabeba viazi vyake kutoka nyumbani. Nilidhani ni masihara ya majirani wenye husuda. Viazi nikaviona. Nikaona na jibini, na siagi ya karanga, na chembechembe za chokoleti ambazo mtu mzima mwenye mvi anazinyunyizia kwenye mkate asubuhi, kisha anakuuliza bei ya mbolea. Chakula chao cha usiku ni saa kumi na mbili jioni, wakati kwetu samaki hata hajaparwa magamba. Sahani ya bada na papa wa nazi ilipotoka jikoni saa tatu, gari lilikuwa giza. Mama wa Kiholanzi akafungua kidirisha, akashukuru kwa Kiswahili safi kabisa, akaipokea, akaitia kwenye friji. Kwa ajili ya kesho mchana. Mke wangu alirudi ndani na kukaa kwenye ukingo wa kile kitanda kipya bila kusema neno, naye si mwanamke wa kukosa neno.

Kijichoo sasa. Alfajiri mzee alishuka amebeba chombo cha plastiki chenye mpini na kifuniko, akaniuliza kwa adabu ni wapi anaweza kumwaga. Shangazi yangu, ambaye alihamia kwetu siku ileile aliposikia kuna wageni, alikuwa anamjua mtu huyu kwa jambo moja tu, maziwa. Akaja mbio na sufuria.

Kwenda ufukweni Ushongo lilikuwa wazo lao. Likizo yao ya kiangazi inaangukia wakati wa kipupwe chetu, kusi inapiga, sisi tumevaa sweta na mzee yuko ndani ya kaptula anasema hali ya hewa ni nzuri ajabu. Twendeni sote, akasema, gari lina nafasi. Alimaanisha nafasi ya watu. Shangazi alitoka na mkeka, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, ndoo mbili, mbuzi ya kukunia nazi, na kuku hai. Mzee akaeleza kwamba gari lina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye hati zake, na kwamba kila kitu kilishapigiwa hesabu. Shangazi akamnyanyua kuku kwa miguu ili aone mwenyewe kwamba hana uzito wowote. Tukaondoka na kuku.

Usukani wa gari la kwao uko kushoto. Kwenye barabara zetu dereva anakuwa amekaa upande wa majani, haoni kinachokuja mbele, kwa hiyo anayeketi kulia ndiye macho yake. Mimi. Nilitoka Tanga nikiwa baba wa familia niendaye kupunga upepo, nikafika Kigombe nikiwa konda. Nyuma ya kila lori la mkonge mzee ananiuliza, "Nipite?" Nikisema pita, anauliza, "Una uhakika?" Uhakika gani, na mtu yuko nyuma ya lori? Na Shangazi kutoka kitandani anajibu badala yangu: "Pita, baba, Mungu yupo."

Kabla ya Kigombe tulisimama Tongoni kuangalia magofu, msikiti na makaburi ya kale. Mzee anaipenda historia, akatueleza kwamba mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, kwenye mafungu ya karibu na hapa, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa mno kwa maradhi, waliobaki hawatoshi meli tatu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wageni wa kuja na vitanda vyao," akasema, "hawakuanza leo."

Pangani, kwenye foleni ya kivuko, mambo yalikuwa mengine. Daraja lilikuwa bado linajengwa, na gari lile lina mkia mrefu, likishuka kwenye mteremko wa gati linakwangua chini. Kwa hiyo tulisubiri maji yajae, na mji mzima ukaja kutusaidia kusubiri. Wa bodaboda wakasema kata kulia, wavuvi wakasema kata kushoto. Mama mmoja mwenye tenga la samaki akapanda kwa mlango wa nyuma, akaketi kitandani karibu na Shangazi, akauliza nauli ya Mkwaja. Tulipomweleza kwamba hili si basi bali ni nyumba, akaangalia lile friji, akaangalia na sisi, akasema basi atashuka njia panda.

Siku ya kwenda Maziwe, mzee alipata huzuni ya kweli. Kisiwa hicho kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Miaka ya mwanzo ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, bahari imekula, na leo ni fungu la mchanga ambalo bamvua likijaa linazama. Mtu ambaye robo ya nchi yake iko chini ya usawa wa bahari hawezi kulitazama jambo hilo akanyamaza. Akamweleza nahodha habari za ukuta wao wa Afsluitdijk, kilomita 32, uliokamilika mwaka 1932, walioziba nao ghuba nzima ya bahari mpaka ikawa ziwa.

Nahodha alikuwa anapunguza tanga. "Sasa samaki wanapita wapi?"

Mzee akakohoa. Akakiri kwamba siku hizi wanajenga njia ya kupitisha samaki katikati ya ukuta. Nahodha hakusema kitu tena mpaka Ushongo, lakini mgongo wake ulikuwa unacheka.

Usiku wa mwisho kusi ilichachamaa. Mama wa Kiholanzi, kwa kuheshimu umri, akamwambia Shangazi alale yeye kwenye kitanda cha gari. Shangazi hakubembelezwa. Aliingia, akafunga mlango kwa ndani, tukamsikia akijaribu swichi moja baada ya nyingine. Wenye gari wakabaki nje wamekumbatia mito. Hapo mke wangu akafungua begi ambalo nilidhani lina nguo za watoto, akatoa zile shuka za maua makubwa, akawatandikia kwenye godoro ndani ya banda la makuti tulilopanga, akawachomekea na chandarua. Walikula wali wa nazi na kuku saa tatu na nusu ya usiku, wakanawa, wakalala. Mzee alikoroma mpaka adhana, na mke wangu kila mara akiamka kumsikiliza kwa raha zake. Mimi sikupata usingizi hata kidogo, na hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi tulimkuta Shangazi amefungua turubai, amekaa kwenye kiti cha kukunja, birika liko motoni. "Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."

Wakati wa kuagana mzee akatoa shajara yake. Mwakani, akasema, ni zamu yetu kwenda kwao, akapekua mpaka Agosti, akapata nafasi: Alhamisi mchana hadi Jumapili saa kumi.

"Jumapili saa kumi kuna nini?" Shangazi akauliza.

"Hakuna kitu. Ndipo mnapoondoka."

Shangazi alimtazama kwa huruma kabisa, akamshika mkono wenye kalamu.

"Andika hiyo Alhamisi, mwanangu," akamwambia. "Jumapili iache kwanza."