Gari Lisilotembea na Barua Yake

Ninyi nyote wa Isevya, Tabora: mwenzenu aliyeko Reading, magharibi ya London, amepokea barua ya serikali. Tulieni, hafukuzwi. Barua inathibitisha kwamba serikali ya Uingereza imepata taarifa yake na sasa inatambua rasmi kuwa gari lake halitembei. Ameibandika kwenye mlango wa friji. Ni barua ya kwanza ya serikali katika ukoo huu isiyodai hela, na mgeni akija lazima aione.

Kanuni yenyewe inaitwa SORN, na ilianza mwaka 1998. Huku kila gari lina kodi yake ya barabara, na tangu 2011 linatakiwa liwe na bima muda wote, hata kama kazi yake ni kulala uani na kutazamwa. Mwenye gari akitaka kulipumzisha bila kulilipia, shurti aitangazie serikali kwamba gari limepumzika. Akishatangaza, tairi lisiguse barabara ya umma, hata kwa kuegeshwa pembeni. Ruhusa iliyopo ni ya kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka, tena kwa miadi iliyowekwa kabla. Yaani gari ambalo serikali imekubali kuwa halitembei linaruhusiwa kutembea, ili likathibitishwe kwamba linaweza kutembea. Ukikutwa nalo barabarani kwa shughuli zako, faini inaweza kufika pauni 2,500, na hapo barua ya kwenye friji haikusaidii.

Pale kwetu gari lisilotembea hujitangaza lenyewe. Linapandishwa juu ya mawe, tairi zinaazimwa na shemeji, kuku anatagia siti ya nyuma, na mtaa mzima unalitumia kuelekezea wageni: ukifika kwenye ile pikapu mbovu, kata kushoto. Na tukubali kwamba hapa Tanzania imewazidi Waingereza akili. Ile ada yetu ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikilimbikiza deni hata kwa magari yaliyokwisha kugeuka mabanda, ilifutwa mwaka 2017 na makato yakahamishiwa kwenye mafuta. Gari lisilokunywa halidaiwi. Mwenzenu alimsimulia jambo hili mzee mmoja wa Kiingereza anayemhudumia kazini. Mzee akafikiri kidogo, akauliza sasa serikali inajuaje gari liko wapi. Akajibiwa kwamba mtaa unajua.

Kwa nini basi gari lipumzishwe? Hapo pana aibu kidogo. Gari lina paa la turubai.

Shangazi alipoona picha ya kwanza aliuliza kama fedha ziliisha kabla ya kufika kwenye bati. Baba mdogo, ambaye gari la wazi analijua kwa sherehe za Uhuru tu, Rais akiwa amesimama juu yake akiuzunguka uwanja, aliuliza ni cheo gani kimepatikana. Hakuna cheo. Ni Mazda MX-5 ya miaka ya tisini: siti mbili, uzito haufiki tani moja, na buti lisilomeza gunia moja la mahindi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakitoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kilo 30 hivi begani wangelitazama buti hilo, kisha wakauliza mzigo wa mtu wa pili utakaa wapi.

Lakini lina ukoo mzuri. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa vigari vya wazi miaka ya hamsini na sitini, MG na Lotus Elan na wenzao, vigari vya kupendeza machoni na vya kusukumwa asubuhi. Wajapani wa Hiroshima wakavitazama vizuri, wakatengeneza cha kwao kinachowaka, wakakizindua kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989. Kufikia Aprili 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Na miongoni mwa wateja wakubwa ni nani? Waingereza haohao, katika nchi ambayo mtu hatoki kwenda kutupa takataka bila kutazama mawingu.

Kuhusu mvua, sikilizeni hili. London hupata kama milimita 600 kwa mwaka. Tabora hupata kama 900. Rudieni kusoma. Sisi ndio tunaonyeshewa zaidi! Tofauti ni adabu. Mvua ya Tabora inabisha hodi mwezi Novemba, inapiga radi, inaotesha uyoga, inafanya fujo zake zote, na ikifika Mei inaaga. Juni hadi Agosti unaweza kuanika karanga na kusahau ulizianika wapi. Ya huku haiji wala haiondoki. Inanyunyiza kidogo Januari, kidogo Julai, na kidogo kila mwenzenu anapofungua paa. Kwa kalenda hiyo gari la turubai lilipaswa kuuzwa Tabora.

Msidhani kufungua paa ni kubonyeza kitufe. Kwanza unaachia vibanio viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele, kimoja kila upande. Kabla hujasukuma chochote unageuka nyuma, ukiwa bado umekaa, mgongo ukilalamika, ufungue zipu ya dirisha la plastiki na kulilaza taratibu. Ukilikunja linapasuka, na siku ya baridi kali linapasuka hata ukilibembeleza. Hapo ndipo unalisukuma paa likalale nyuma ya siti. Kulifunga ni hayohayo kinyumenyume, ila unayafanya mvua imeshaanza, taa za barabarani zimegeuka kijani, na basi la ghorofa limesimama nyuma yako likitafakari. Tena paa lililolowa halikunjwi, litaoza. Likikauka, anga linakuwa limebadilika.

Unyevu wa msimu huu umeliotesha turubai ukungu wa kijani. Kila mwisho wa wiki mwenzenu yuko uani na brashi laini, kama babu alivyokuwa akipanda juu ya tembe baada ya mvua kung'oa majani yaliyoota kwenye paa la udongo. Mashine ya kuoshea kwa presha ni marufuku, inaachanisha mishono. Ukungu ukiisha, turubai lipakwe dawa ya kuzuia maji, na dawa hiyo inataka siku kavu. Siku kavu zipo. Zote zinaangukia zamu ya kazini.

Halafu kuna matundu. Maji yote yanayoteremka juu ya turubai hukusanywa na mfereji uliofichwa nyuma ya siti, yakaingia kwenye tundu moja kila upande, yakashuka kwa mpira hadi chini ya gari karibu na tairi la nyuma. Majani yakiziba tundu, maji yanatafuta njia nyingine, nayo ni ya ndani: chini ya zulia na kwenye vizingiti vya milango, ambako kutu hufanya kazi kimyakimya hadi siku ya ukaguzi. Mwenzenu alianza kusikia maji yakicheza ndani ya gari kila anapokata kona. Jumamosi akapiga magoti uani, waya uliovishwa plastiki mkononi, akauingiza polepole, akauzungusha. Likatoka tope jeusi. Likatoka jani la mwaloni, kisha mbegu iliyokwisha kuchipua, kisha karatasi ya pipi ambayo si ya kwake. Ndipo maji yakaporomoka kwa mkupuo, yakamlowesha hadi mapajani. Jirani alikuwa akichungulia dirishani. Huwa anachungulia. Hajawahi kusalimia.

Na salamu ndiyo iliyomfanya mwenzenu asiliuze hili gari. Mnajua kutoka Isevya kwenda sokoni: mwendo wenyewe ni mfupi, lakini kila baraza ina shikamoo yake, na kila marahaba ina maswali matatu nyuma yake, habari za baba, habari za shamba, lini mnaoa. Hapa Reading kuna mama anayesimama naye kituo kimoja cha basi kila asubuhi. Wote wawili wanatazama basi. Lakini wenye vigari hivi wana desturi yao: wakipishana, wananyosheana mkono. Mara ya kwanza mwenzenu alidhani ameangusha kitu, akatazama kioo. Safari nyingine akajibu. Baadaye akanogewa, akapunguza mwendo kabisa ili aulize na habari za nyumbani, foleni nzima nyuma yake ikapiga honi.

Tangu hapo, gari lisipokuwa limepumzishwa, huendesha bila paa kwenye nyuzijoto 11, hita ikimchoma magoti na upepo ukimkata masikio, kofia ya mzula imeshuka hadi kwenye nyusi. Wenyewe wanaiita starehe. Majira ya joto kuna Jumapili anakwenda hadi mji wa pili na kurudi, hana shida ya dukani, hana mgeni wa kupokea, anahesabu mikono tu. Siku ikiwa nzuri anafika nyumbani ameshasalimiwa kiasi cha kutosha kula ugali wake peke yake.

Mjomba sasa anataka gari liletwe. Amepiga hesabu: usukani uko kulia kama wetu, kiangazi tunacho, barabara ya kwenda Nzega ina lami. Mwenzenu amemkumbusha kwamba gari lililopita miaka 10 lina ushuru wa ziada likishuka bandarini Dar es Salaam. Kwamba tumbo lake liko sentimita 14 hivi kutoka ardhini, na matuta ya mitaa yetu anayajua. Kwamba vumbi la Agosti halitangoja zipu ifungwe. Mjomba anasema hayo ni maneno ya mtu aliyesahau kwao. Yeye ameshapokea advansi ya harusi mbili za Ipuli, moja ya Julai na moja ya Agosti. Dereva siti moja, bibi harusi siti ya pili, bwana harusi juu ya turubai lililokunjwa, akipunga. Matarumbeta watafuata na kirikuu.

Kilichobaki kwenye mjadala ni mpiga ngoma kubwa. Mjomba anataka apande kirikuu na wenzake, lakini upande wa bibi harusi wa Agosti umeongeza hela na unamtaka kwenye boneti. Mwenye hoja apige simu jioni, mwenzenu akishatoka kazini, na asisahau kwamba boneti hiyo huinuliwa kwa mkono mmoja.