Muulize Shangazi: Kinu cha Jumapili

*Shangazi shikamoo. Nina miezi miwili hapa Leipzig, nimekuja kusoma. Jumapili iliyopita nilitamani mchicha wa karanga, nikatoa kinu nilichobebeshwa na mama. Sijafika hata mchi wa kumi, mlango ukagongwa. Kufungua, hakuna mtu, ila karatasi imebandikwa, mwandiko umenyooka kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Ni jirani wa chini, yule asiyenijibu salamu tangu nije. Ananichukia?*
*Mtwangaji*

Marahaba mwanangu. Hakuchukii. Anayekuchukia hahangaiki kutafuta kalamu.

Ujerumani Jumapili ni siku ya kimya, na sheria inailinda. Maduka mengi yanafungwa, mashine ya kutoboa ukuta haiguswi, hata chupa tupu hazipelekwi kwenye pipa la vioo la mtaani, maana zinalia. Wewe ukashusha mchi! Kwa aliye chini, zile si karanga, ni dari inakuja. Twanga Jumamosi asubuhi, na kinu ukitandikie blanketi.

Sasa isome tena hiyo karatasi mpaka chini. Bila shaka amemalizia kwa “salamu za kirafiki”. Ndivyo wanavyofunga barua huku, hata ya kukudai faini. Basi ndiyo salamu uliyokuwa ukiidai. Imechelewa miezi miwili, lakini umeipata kwa maandishi.

Mimi karatasi yangu ya kwanza ilihusu taka. Jengo letu lilikuwa na pipa la bluu la karatasi, la njano la vifungashio, la kahawia la maganda, na jeusi la masalia. Nikasimama nje kwenye baridi na kifuko kimoja cha chai kilichokwishatumika: majani yake, uzi wake, kikaratasi chake, na kipini cha chuma kilichoviunganisha. Nikahesabu mapipa, nikaona hayatoshi. Nikarudi nacho ndani.

*Shangazi, baba mdogo amesikia kwamba nina euro 11,904 benki. Anataka nimkopeshe za kuezekea nyumba. Nitamwambiaje bila kuonekana nimeota mapembe?*
*Tajiri wa Karatasi*

Pole. Kosa ulilifanya mwenyewe ulipowasomea nyumbani masharti ya viza.

Mweleze kuwa hizo pesa za viza ni kisima chenye kufuli. Kila mwezi unaruhusiwa ndoo moja, euro 992, na mwenye chumba anakungoja kisimani na kopo lake. Bima ya afya iko nyuma yake. Halafu kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe nayo televisheni au usiwe nayo. Hapo simulia kwa kirefu, usiharakishe. Mtu mzima akisikia unalipia televisheni usiyokuwa nayo, anaacha kukukopa na kuanza kukuombea dua.

*Shangazi, mama ananipigia kila siku akimaliza kuswali alfajiri. Kwake ni saa kumi na moja, kwangu saa tisa usiku. Tena anaanza na “bado umelala tu?” Nifanyeje?*
*Macho Mekundu*

Kiangazi utapata nafuu: tofauti inabaki saa moja, atakuamsha saa kumi. Ila usijaribu kumfafanulia kwamba mwisho wa Machi saa zinasogezwa mbele na mwisho wa Oktoba zinarudishwa nyuma. Mimi nilimweleza wangu mwaka wa kwanza. Akanyamaza kidogo, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa, na jua lenyewe limeambiwa? Kisha akampa simu dada yangu asikilize kama sauti yangu ni ya mtu mzima wa afya.

Weka simu chini ya mto. Ikilia, kohoa kwanza, halafu sema ulikuwa unasoma.