Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kikokotoo

Kwa Mheshimiwa Kikokotoo cha Ushuru wa Magari Yaliyotumika,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Mtandaoni.

YAH: KUOMBA UNICHAGULIE GARI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mheshimiwa, pole na kazi. Najua hulali. Saa nane za usiku, watumishi wengine wa umma wakiwa wanakoroma, wewe uko macho unampokea mwalimu wa Singida, muuguzi wa Tukuyu na muuza duka wa Buza. Kila mmoja anakujazia unachotaka: kampuni iliyotengeneza, modeli, mwaka, nchi linakotoka, aina ya mafuta, ujazo wa injini. Unamjibu papo hapo. Huombi ya soda, husemi njoo kesho, husemi mtandao unasumbua. Mtumishi wa aina yako angestahili kuwa mfanyakazi bora kila Mei Mosi, ila kila unayemhudumia huondoka amebadilika rangi.

Wapo wanaokuchanganya na ndugu yako, yule kikokotoo cha mafao. Mimi sikuchanganyi. Yule humsubiri mtu astaafu ndipo amfanyie hesabu. Wewe unamuwahi angali na nguvu za kulipa.

Sasa shida yangu. Natafuta gari dogo la familia, sedani ya cc 1,500. Bebi woka naziheshimu, lakini nataka buti lililojitenga na abiria, kwa sababu mzigo wa kutoka nyumbani haujawahi kuwa maua. Dagaa wa Mwanza wakisafirishwa nyuma ya kiti, harufu yao hukaa humo mpaka siku ya kuuza gari, na mnunuzi hukabidhiwa pamoja na kadi. Kwa hiyo majina ni yale yale tunayoyajua sote: Corolla Axio, Allion, Premio, na kwa mwenye moyo mgumu, Nissan Tiida Latio. Nimetafuta ushauri. Mjomba anasema ninunue jipya, nisirithi matatizo ya mtu. Fundi anasema chochote sawa ilimradi kisiwe na injini ya D4. Dalali anasema tayari anayo, "gari ya mdada". Hakuna hata mmoja aliyeniambia nikuulize wewe kwanza, na hapo ndipo washauri wote walipopotea, maana mwenye kauli ya mwisho ni wewe.

Nianze na rai ya mjomba, kwa heshima ya umri wake. Tuseme sedani mpya, nailoni bado iko kwenye viti, imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 50,000,000, nauli ya meli na bima zikiwemo. Unachukua ushuru wa forodha asilimia 25. Unaongeza ushuru wa bidhaa asilimia 5, kwa kuwa injini iko kati ya cc 1,000 na 2,000. Kisha juu ya mlima wote huo unapandisha VAT ya asilimia 18. Nikiacha tozo ya reli na vijitozo wenzake, umekwisha kuchukua 27,437,500, yaani asilimia 55 hivi ya thamani ya gari. Mjomba alipoiona hesabu hii alinyamaza, akanywa maji, akaulizia bei ya bodaboda.

Basi tushuke hadi kwenye Axio la mwaka 2013. Tuseme umelithaminisha shilingi 10,000,000. Nasema umelithaminisha, maana bei niliyokubaliana na Mjapani siyo unayoanzia. Unazo bei zako mwenyewe ulizozihifadhi. Asilimia 25 ni 2,500,000. Asilimia 5 ya jumla ni 625,000. Mpaka hapo tunaelewana. Kisha unatazama mwaka wa kuzaliwa, unakuta mzee kavuka miaka 10, unamtwisha asilimia 30 ya uchakavu: 3,750,000. VAT inakuja mwisho na haibagui, inapita juu ya uchakavu nao: 3,037,500. Jumla 9,912,500.

Mheshimiwa, naomba tukae hapa kidogo. Mwenye gari la milioni 50 umemtoza asilimia 55. Mwenye la milioni 10 umemtoza asilimia 99. Kwa hiyo nanunua Axio mbili: moja nitaendesha mimi, ya pili sijui anaendesha nani. Nahisi ndiyo tairi moja la lile V8 lililotutimulia vumbi juzi pale Morocco. Tena ndani ya zile milioni tatu za VAT kuna shilingi 675,000 ambazo ni kodi ya ongezeko la thamani iliyotozwa juu ya adhabu ya kupungua thamani. Nimeisoma sentensi hii mara kadhaa na bado iko sahihi.

Lingekuwa na miaka kati ya 8 na 10, ungelitoza uchakavu asilimia 15 tu. Ndiyo maana siku hizi tunachunguza miaka ya magari kama wazee wanavyochunguza ukoo wa bwana harusi. Rangi tutazizoea. Kilomita hatuziamini, kwa sababu wapo mafundi wa kuzirudisha nyuma. Lakini mwaka wa kutengenezwa tunaushika kwa mikono miwili, maana wewe ndiwe unayeuuliza. Gari la Desemba na pacha wake wa Januari inayofuata, walioshuka kiwandani wakifuatana, kwako ni watu wa rika mbili tofauti.

Sijui kama umewahi kufika Japani. Kule gari jipya likitimiza miaka 3 linapelekwa kwenye ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi wenyewe si wa kupiga teke tairi. Unaambatana na bima ya lazima, kodi ya uzito wa gari, na gharama za kurekebisha kila kilichokutwa na hitilafu. Likizidi miaka 13, gari la petroli linaongezewa kodi ya kila mwaka. Mjapani si mjinga: anapiga hesabu, anaona afadhali aliachie. Gari linapelekwa mnadani, linapewa daraja, na kwenye karatasi yake unachorwa kila mkwaruzo, hata ule ulioachwa na mtoto mwenye baiskeli. Ndipo tunapolinyakua sisi.

Kwa maneno mengine, serikali moja inamtoza mtu kwa kubaki na gari zee, na nyingine inamtoza mtu kwa kulipokea. Gari lile lile, uzee ule ule, limetozwa faini kwenye mabara mawili. Na bado likifika linaongea Kijapani. Ukiliwasha, sauti ya dada mpole inalalamika kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Redio inakomea 90, wakati stesheni nyingi za mjini ziko juu ya hapo, kwa hiyo mwanzoni unasikiliza mikwaruzo mpaka upate fundi wa kukufungia kifaa cha kushusha masafa. Navigesheni inaonyesha uko katikati ya bahari. Hayo sikulaumu wewe. Nayataja tu ili ujue kwamba nyuma ya ile asilimia 99 mtu anapata gari lisiloelewana naye.

Najua utaniambia kuhusu mazingira na ajali. Nakubali, moshi si mchezo. Lakini majirani zako walipoona magari mazee ni sumu, walifunga mlango. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia lililotimiza miaka 15. Unaweza kuwabishia, ila unaelewa wanachotaka. Wewe hukufunga mlango, Mheshimiwa. Umekaa mlangoni unakata tiketi. Axio likilipa 3,750,000 linatoa moshi ule ule ambao lingetoa bila kulipa, na hewa ya Ubungo haisomi risiti.

Sasa nikupeleke mahali ambapo hujawahi kwenda, kwa sababu kazi yako inaishia kwenye geti la bandari. Mtu akishakuona, akabadilika rangi, anafunga simu na kwenda kwa dalali. Huko ndiko kuna magari yaliyokwisha kutumika hapa hapa Bongo, ambayo hayadaiwi na wewe hata senti. Namba C, namba D, na ukienda na mtu anayejuana na watu, namba A. Dalali anakuzungusha huku akiimba: AC inagandisha, injini haijaguswa, rangi ya kiwandani, kadi ipo, bei maongezi yapo, mdada alikuwa anaendea kanisani tu. Tukiwaamini madalali, wanawake wote wenye magari nchini wanaishi nyuma ya kanisa. Sijaonyeshwa hata gari moja ambalo mwenyewe alikuwa akienda nalo Tunduma kila mwisho wa mwezi na gunia sita za mchele.

Ukiinama unakuta limenyanyuliwa kwa spesa ili lisisugue matuta. Ukiangalia dashibodi unakuta taa ya injini imezibwa kwa solotepu nyeusi, kazi safi kabisa. Gia boksi lilibadilishwa Gerezani, na lililowekwa lilitoka kwenye gari lililopinduka. Ni Carina Ti, gari ambalo Toyota yenyewe iliacha kulitengeneza mwaka 2001, na dalali analitaja jina lake kwa sauti ya kumsifu marehemu aliyekuwa mwema. Linauzwa. Linanunuliwa. Baada ya mwaka litauzwa tena.

Hili gari, Mheshimiwa, lina umri wa kupiga kura, lakini hakuna anayeliuliza umri. Liliulizwa mara moja tu, siku liliposhuka melini, kama liliulizwa. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Kwa hiyo gari likishavuka geti lako linakuwa kijana milele. Na kwa kuwa kila mwaka unamfanya mrithi wake awe ghali, mzee huyu hawezi kufa. Atafunguliwa injini, atapigwa rangi, atafungiwa taa za buluu, atafanywa teksi ya mtandaoni ukizubaa. Ulitaka kuzuia wazee wasiingie. Umefanikiwa kuwazuia waliopo wasiondoke.

Axio unalolitwisha asilimia 30 kwa kuwa zee, kabla ya kupanda meli limekaguliwa kwao mara 4 kwa uchache. Carina Ti ya dalali, usiyoitoza chochote, ukaguzi wake ni trafiki kuangalia kama stika ya Nenda kwa Usalama bado imebandikwa kwenye kioo. Tunalipokea la kwanza kwa faini, na la pili kwa "maongezi yapo".

Nakuomba usielewe vibaya. Sisemi uanze kututoza uzee kila mwaka ndani ya nchi. Wazo hilo lisikuingie hata kwa bahati mbaya, na likikuingia usiseme umelitoa kwenye barua hii. Nasema tu kwamba unazo safu za kujaza mwaka, nchi na ujazo wa injini, lakini huna hata moja ya kuuliza gari linatoa moshi kiasi gani, breki zinashika vipi, wala lilipata daraja gani mnadani. Gari la miaka 11 lililotunzwa na babu wa Nagoya na gari la miaka 7 lililofurika maji kwenye tufani, wewe unampenda wa pili. Umri ni rahisi kuhesabu, naelewa. Hata mimi ningekuwa kompyuta ningechagua hivyo.

Kuna jambo jingine, dogo. Allion na Premio ziliachwa kutengenezwa mwaka 2021. Ikifika mwaka 2032, duniani hakutakuwa na Premio hata moja isiyovuka miaka 10. Zote zitakuwa wazee kwako, hata ile iliyofunikwa turubai kwenye banda la mtu wa Osaka bila kuendeshwa. Nakudokeza mapema ili ujiandae, kwa kuwa siku hiyo Watanzania wengi watakutembelea usiku mmoja na huenda ukazidiwa.

Sasa ombi langu rasmi. Nimeliona Axio kwenye mnada huko Japani. Jeupe, daraja la 4, mkwaruzo mmoja kwenye bampa ya nyuma. Umri wake kwa sasa ni miaka 10, yaani uchakavu wa asilimia 15, na kwa thamani ile ile ya milioni 10 jumla yako inakuwa 7,700,000. Nimemeza mate, nimekubali. Tatizo ni kalenda. Kutoka Yokohama hadi Dar es Salaam meli inakaa baharini wiki kadhaa, na Desemba tunaiona. Gari likila mwaka mpya humo melini, litapakiwa likiwa na miaka 10 na kushuka likiwa limeivuka, bila kuendeshwa hata kilomita moja. Sikukuu hiyo moja itanigharimu shilingi 2,212,500.

Naomba basi unijibu mapema: je, kwako mwaka unaanza Januari hata kwa gari lililo katikati ya Bahari ya Hindi? Kama jibu ni ndiyo, naomba unipe namba ya mawasiliano ya nahodha.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mnunuzi Mtarajiwa

Nakala: Nahodha wa meli – tafadhali kaza mwendo.